Dobi ya Kona ya Stesheni

4 Machi

Mdogo wangu Profesa,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu huwa sishindi. Nikianza sentensi unaimaliza wewe, tena unaimalizia upande wako, na nikikata simu nakuta nimekubali jambo ambalo sikulielewa. Kwenye karatasi hutaniingilia. Sababu ndiyo hiyo, si kwamba nimerudi enzi za babu kama utakavyosema.

Jambo lenyewe ni hili. Mama anasema tangu Baba atutoke dobi yake ya kufulia nguo imekaa kama nyumba isiyo na mwenyewe: nusu yako, nusu yangu, na wewe hurudi. Anataka ninunue nusu yako nibaki na dobi yote, mashine, boila, mashuka ya hospitali na mabomba yanayovuja. Nimekubali. Nimekulia mle ndani. Mikono hii haijui kazi nyingine, na siku ambayo sisikii mvuke naona kama nimeziba masikio.

Kilichobaki ni bei. Jirani wa duka la rangi alijitolea kutukadiria, Mama akamkatiza: "Mwanangu kasomea mambo hayo mpaka kapewa joho, halafu nimsikilize muuza rangi?" Kwa hiyo bei utaitaja wewe. Muuza rangi alicheka mpaka akashika ukuta. "Yaani anayeuza ndiye anayepanga, na anayenunua anashukuru?" Nikamwambia huyo ni ndugu yangu, si mwenye duka.

Hesabu za faida za miaka mitatu nimezifungasha humu. Usizicheke, nimezinakili vizuri.

Dadako

* * *

15 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenipa furaha na masikitiko kidogo: furaha kwa kuwa mmeniamini, na masikitiko kwa kuwa hoja ya muuza rangi, ijapokuwa imetoka kwa muuza rangi, inastahili jibu. Yeye anadhani mtu mwenye masilahi hawezi kusema kweli. Huo ni uvivu wa fikra. Mbinu ikiwa sahihi, haijalishi imeshikwa na mkono wa nani. Mizani haidanganyi kwa sababu anayeitazama ana njaa.

Sasa niifafanue mbinu yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba biashara ina bei yake ndani yake, kama kokwa ndani ya tunda. Haina. Thamani ni kile ambacho watu wengine, kwa hiari yao na kwa fedha zao, wamekwisha kulipa kwa kitu kinachofanana nacho. Kwa hiyo mthamini haulizi, "Dobi yetu ni nzuri kiasi gani?" Hilo ni swali la mapenzi. Yeye huuliza, "Dobi zinazofanana na hii, zilipouzwa karibuni, wanunuzi walilipa faida ya mwaka mara ngapi?"

Katika majalada ya ofisi yetu nimepata mauzo matatu. Dobi iliyo nyuma ya soko kuu iliuzwa kwa mara tatu ya faida yake ya mwaka. Ile ya ndugu wawili waliohama ilikwenda kwa mara tatu na nusu. Na dobi ya kona ya stesheni, katika mji jirani na wenu, ilinunuliwa na kampuni yenye uwezo mkubwa kwa mara saba. Wastani ni mara nne na nusu. Zidisha faida yetu kwa namba hiyo, kisha gawa kwa mbili: hiyo ndiyo haki yangu, wala siongezi hata senti.

Utaona ni kubwa kuliko mlivyotarajia. Usishtuke. Baba aliitazama dobi kwa jicho la mtu anayewasha boila kabla jua halijatoka. Soko linaitazama kwa jicho jingine. Kwa miaka mingi nimeudhika kusikia watu wakiiita kazi yake "kufua nguo za watu". Sasa tuna namba ya kuwajibu.

Ripoti kamili imo humu. Ukiwa na swali, uliza bila woga.

Mdogo wako,
Profesa

* * *

27 Machi

Profesa,

Marahaba. Ripoti nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa sauti, kule chumba cha pasi, maana wapiga pasi walinibana niwaambie wanafanya kazi kwenye dobi ya thamani gani. Nilipotaja namba, Bibi Wanga (yule wa kola, unamkumbuka, aliyekuwa akikutia wanga mpaka kwenye kaptura) aliweka pasi chini akasema, "Basi kuanzia leo nisiguswe bila miadi." Tumecheka mpaka foronya ya watu ikaungua.

Mimi bei imenishtua, sikufichi. Nilikuwa nimepiga hesabu yangu ndogo pembeni, ikaja chini mno. Lakini mimi nilihesabu kwa kuangalia boila na umri wake, na wewe umeangalia soko, na umeeleza vizuri hata nami nimeelewa. Ile ya kona ya stesheni ndiyo imenifumbua macho. Mara saba! Kumbe kuna watu wanafua kama sisi na wanathaminiwa hivyo?

Swali langu ni moja tu. Una hakika? Ukisema una hakika, sitauliza tena.

Malipo nitafanya hivi, kama utaridhia: nusu sasa, kwa akiba yangu na mkopo wa benki. Robo mwezi wa sita. Robo ya mwisho Desemba.

Dadako

* * *

2 Aprili

Dada,

Nina hakika. Mpango wa malipo nimeuridhia.

Profesa

* * *

20 Mei

Mdogo wangu,

Nina habari, na sijui nikupe pole au nikuombe radhi kwa kwenda bila kukuambia.

Ile dobi ya kona ya stesheni ilikuwa hainitoki kichwani. Nikajiambia, kama wenzetu wameuza kwa mara saba, kuna kitu wanakifanya ambacho sisi hatukijui, na mimi sasa nina mkopo, lazima nikijue. Labda mashine zao. Labda wanavyokunja. Nikamchukua Bibi Wanga, tukavaa vizuri, yeye akabeba shuka moja alilolipiga pasi kwa mkono ili tukawaonyeshe kazi yetu, tusionekane tumekwenda mikono mitupu kama wapelelezi.

Tumefika pale, tukazunguka kona mara mbili. Hakuna dobi. Kuna uzio wa mabati, na nyuma ya mabati kuna shimo, mdogo wangu, shimo la kuzika nyumba nzima, na winchi juu yake. Mlinzi akatutazama kuanzia viatu mpaka vilemba akauliza, "Mmekuja kuomba kazi ya zege?" Bibi Wanga akamjibu, "Tumeleta shuka la kulifunika hilo shimo lenu." Akacheka, akatuambia yote. Wenye dobi walilipwa kwa sababu ya kiwanja. Kampuni ya ujenzi inasimamisha ghorofa. Mashine ziling'olewa wiki ileile, na boila ilikatwa vipande ikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Njiani kurudi Bibi Wanga alilikunja lile shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Tulipofika alisema tu, "Mtoto wetu wamemdanganya huko ofisini."

Nami ndivyo nionavyo. Majalada yamekudanganya. Nimeona uchungu kwa ajili yako, maana najua unavyojivunia kazi yako. Niambie tufanyeje. Mama sijamwambia.

Dadako

* * *

29 Mei

Dada,

Barua yako imepokelewa na yaliyomo yamezingatiwa. Imebainika kwamba taarifa za chanzo zilikuwa na upungufu katika kipengele cha matumizi ya baadaye ya eneo. Hata hivyo, katika taaluma ya uthamini inafahamika kwamba mauzo ya mahali pamoja hayabatilishi wastani mzima, na kwamba bei iliyokwisha kukubaliwa na pande mbili huwa yenyewe ni ushahidi wa soko. Kwa kuwa makubaliano yamekwisha kutiwa saini, inashauriwa hali ibaki kama ilivyo.

Salamu kwa Bibi Wanga.

Profesa

* * *

18 Juni

Mwanangu,

Naandika mwenyewe, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Dada yako amenikataza nisikuambie jambo fulani kwenye simu. Basi sikuambii kwenye simu.

Ameuza gari. Lile jeupe la kupelekea mashuka, ambalo baba yako alilinunua akakaa mlangoni mwake siku nzima kama bwana harusi. Nilipomuuliza anasema kutembea ni afya. Afya gani, wakati anasukuma mkokoteni wa mashuka ya hospitali kupanda kile kilima, na muuguzi mkuu analalamika kwamba yanachelewa? Najua ni kwa ajili ya ile robo yako ya mwezi huu. Simlaumu mtu. Deni la ndugu ni deni, na dada yako hapendi kudaiwa.

Lakini nisikupe huzuni peke yake. Watu hapa wanakutaja! Nimemwambia kila mtu kwamba mwanangu ndiye aliyeipandisha dobi yetu mpaka ikafika bei hiyo. Hata muuza rangi nimemnyamazisha. Nilimsomea ule ukurasa wa wastani katika ripoti yako, akakuna kichwa, akasema, "Basi mama, elimu ni elimu." Baba yako angekuwepo angeutundika huo ukurasa ukutani. Mimi nimeutundika.

Vaa nguo nzito, huko kwenu nasikia kuna baridi.

Mama

* * *

9 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila nilipoianza niligundua kwamba ninaandika utetezi. Hii nayo huenda ikawa hivyo mahali fulani. Ukifika hapo, paruke.

Majalada hayakunidanganya. Katika jalada la dobi ya kona ya stesheni, jina la mnunuzi limeandikwa wazi, na jina hilo lina neno "ujenzi" ndani yake. Chini yake imeandikwa kwamba mashine ziliuzwa kando, kwa uzito. Niliyasoma yote mawili kabla sijaandika ripoti. Nilijua kwamba pale hakikuuzwa chochote kinachofanana na dobi yetu; kiliuzwa kiwanja, na dobi ikabomolewa kama kichaka kinavyofyekwa. Nikaandika "kampuni yenye uwezo mkubwa", nikajisifu moyoni kwamba sikusema uongo. Uliponiuliza kama nina hakika, nilikujibu kwa mstari mmoja kwa sababu mstari wa pili ungenishinda.

Utauliza kwa nini. Fedha nilizitaka, nisijifanye. Lakini hiyo ni nusu ya jibu, na kwa bahati mbaya ndiyo nusu yenye heshima zaidi. Hapa ofisini niliwaambia wenzangu kwamba familia yetu ina "kampuni ya huduma za vitambaa". Chuoni nilikuwa nikiosha mashati yangu upya ili yasinuke wanga wa nyumbani. Nilipopiga hesabu kwa yale mauzo mawili ya haki, namba iliyotoka ilikuwa ndogo, ilikuwa ya dobi, na niliiona kama imeandikwa kwenye paji la uso wangu. Nilitaka namba itakayonifanya nisione haya kutaja nilikotoka. Sasa ninaona haya kutaja nilikofika.

Sikiliza namna ilivyonirudia. Wiki mbili zilizopita tuliletewa kazi: wapiga pasi wa dobi moja, karibu wote wanawake, wanataka kuinunua kwa pamoja kutoka kwa mwenye nayo anayestaafu, nasi tuwatajie bei ya haki. Mwenzangu wa meza ya pili akakusanya mauzo ya kulinganisha, na juu kabisa ya jedwali akaweka dobi yetu. Yaani mauzo yetu: mimi muuzaji, wewe mnunuzi. Ameipata kwenye kumbukumbu za uhamisho wa biashara, zinazotaja mji na kazi ya mnunuzi lakini si majina, bila kujua ni yetu. Mkuu wa idara, mama mmoja mtulivu asiyepandisha sauti, alipolitazama jedwali alifurahi. "Haya ndiyo mauzo bora kuliko yote hapa," akasema. "Ya karibuni, dobi inaendelea kufanya kazi, na mnunuzi amekulia kwenye kazi hiyo. Mtu kama huyo hawezi kulipa zaidi ya thamani." Kisha akanigeukia: "Huu si ndio mji wenu? Unaifahamu dobi hii?"

Nikasema naifahamu.

"Vizuri. Basi wewe utayathibitisha."

Nilikuandikia mwezi wa tano kwamba bei iliyokwisha kukubaliwa huwa yenyewe ni ushahidi wa soko. Basi huo hapo ushahidi, umekaa mezani kwangu ukingojea saini, ili wanawake nisiowajua nao wakauze magari yao. Nililitia jedwali kwenye droo. Nililitoa, nikalirudisha. Barua ya Mama ilikuwa kwenye droo hiyohiyo, kwa hiyo kila nilipoifungua nilikuona ukipanda kile kilima na mkokoteni.

Mwishowe niliyakata mauzo yetu kwa mstari kwenye jedwali. Sheria ya ofisi ni kwamba ukikata unaandika sababu pembeni, na unaweka jina. Niliandika hivi: "Bei hii haikutokana na soko. Muuzaji ndiye aliyekuwa mthamini. Aliingiza mauzo ya kiwanja akijua kwamba si mauzo ya dobi, na akalificha jina la mnunuzi. Aliyenunua ni dada yake, aliyemwamini." Nikaweka jina langu, nikampelekea mkuu wa idara mkononi.

Akasoma. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, hata majibu nilikuwa nayo. Akavua miwani akaniuliza, "Dada yako ameyajua haya lini?"

Nikasema bado hajayajua.

"Kwa hiyo umekuja kwangu kwanza."

Akavaa miwani, akarudi kwenye jedwali. Uso ulinishuka, dada, nikatamani anitukane. Nimeondolewa kwenye uthamini kwa muda usiojulikana, napanga majalada. Hilo si kitu. Lakini lile swali lake ninalala nalo na kuamka nalo.

Hesabu ya haki ni hii: mara tatu na robo, si nne na nusu. Ukigawa kwa mbili, deni lako ulikwisha kulimaliza siku uliyouza gari, na ukazidisha kidogo. Desemba huna robo ya kulipa. Lakini naomba uniruhusu nirudishe zaidi ya kilichozidi. Niruhusu nilirudishe gari, au nikununulie jingine, au nikuachie nusu yangu yote kama zawadi. Sijui naomba nini. Chagua wewe.

Mdogo wako

* * *

17 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Utetezi nimeuruka, kama ulivyosema. Haukuwa mrefu, nakupa heshima hiyo.

Nilijua. Si siku ya shimo. Siku ya shimo nilikulilia. Nilijua ilipokuja ile barua yako ya mwezi wa tano. Wewe ukiwa na haki barua yako hujaa mimi, mimi, mimi, kama jogoo juu ya ukuta. Ile haikuwa na mimi hata mmoja. Niliisoma nimesimama kwenye mvuke, nikamwambia Bibi Wanga, "Hakudanganywa." Akaendelea kupiga pasi kola ileile mpaka ikang'aa.

Utashangaa basi kwa nini niliuza gari. Niliuza kwa sababu nilikuwa nimekubali mbele ya Mama, na ningekataa kulipa angeuliza kwa nini, na sikutaka niwe mimi wa kumwambia. Pia niliona haya. Haya yako, niliivaa mimi. Nilikuwa nikipita mbele ya duka la rangi na mkokoteni nikiangalia chini, kana kwamba ni mimi niliyemdanganya mtu. Siku moja muuza rangi alitoka akanisaidia kusukuma mpaka juu. Hakucheka wala hakuuliza kitu. Bora angecheka.

Sasa majibu yako. Kilichozidi nirudishie, chote, bila kupunguza wala kuongeza. Zawadi sitaki. Ukinipa zawadi sasa itanibidi nishukuru, na bado sijafika huko. Gari usininunulie. Nitanunua mwenyewe, kwa faida ya dobi, hiyohiyo uliyoona ni ndogo. Na hao wanawake wa huko, hakikisha wamepewa bei ya haki hata kama huruhusiwi kushika kalamu. Wapelekee chai wanaoishika.

Kuna jambo moja nakudai, na hili halina robo. Ule ukurasa wa wastani bado uko ukutani sebuleni. Mama kauwekea kioo. Kila mgeni akiingia anasomewa, na mimi naleta vikombe na kunyamaza. Mimi sitaushusha. Utakuja kuushusha wewe, na utamwambia Mama kwa nini, yeye akiwa amekaa na wewe umesimama.

Usimwandikie barua. Barua niliitaka kwa sababu kwa mdomo ulikuwa unanishinda. Njoo tuzungumze kwa mdomo. Nadhani safari hii nitazimaliza sentensi zangu.

Nimemwambia unakuja Jumamosi. Sikumwambia kwa sababu gani. Amefurahi, amekutandikia kitanda chako kwa mashuka mapya, kayapiga pasi mwenyewe, na amemwalika muuza rangi. Basi la mchana linafika kabla jua halijapoa. Kutoka stendi utatembea. Gari unajua liliko.

Dadako